HOTELI YENYE DUKA MLANGONI

Fungueni madaftari. Leo nitazungumza nanyi juu ya hoteli za Marekani ziitwazo Cracker Barrel, zilizo kando ya barabara kuu.

Mwaka 1969 Bwana Dan Evins, aliyekuwa mfanya biashara ya petroli, alifungua hoteli ya kwanza katika mji wa Lebanon, jimbo la Tennessee. Alitaka wasafiri wasimame, wale, kisha wajaze petroli. Katika miaka ya 1970 petroli ilikuwa adimu, basi hoteli mpya zikajengwa bila pampu. Chakula na duka vikabaki.

Haya, fikiri umefika. Barazani pana viti vya kubembea. Waweza kukalia bure. Waweza pia kununua, maana vyauzwa. Ukiingia hufiki mezani mara moja. Yakupasa kupita dukani, kati ya peremende, nguo na vidude vya watoto. Kuta zimejaa vyombo vya shamba vya kale. Mezani utakuta kibao cha pembe tatu chenye matundu 15 na vijiti 14, mchezo wa kukutuliza hata chakula kije. Chakula chenyewe ni kuku, mkate wa mahindi, na uji mzito wa mahindi ambao mama zetu wangeusonga kidogo tu ukawa ugali.

Umeshiba? Kwa kawaida hulipi mezani. Walipa kule kule dukani, umemshika mtoto mkono, na peremende zi mbele ya macho yake! Mimi naisifu akili hiyo, ingawa mfuko wangu hauisifu.

Lakini si kila mgeni aliyekaribishwa sawasawa. Mwaka 2004 Serikali ya Marekani iliishitaki kampuni hiyo, ikisema kwamba katika hoteli kama 50, katika majimbo 7, wateja weusi walitengwa mezani na kungojeshwa kuliko wazungu. Kampuni ilikana. Hata hivyo ilikubali mapatano: wafanyakazi wafundishwe, na wapelelezi waingie kama wateja wa kawaida, waone. Sheria ya kukataza ubaguzi hotelini ilitungwa mwaka 1964. Toeni 1964 katika 2004, mwone ni miaka mingapi.

Kazi ya nyumbani: nenda katika hoteli au duka lililo karibu nawe. Andika sentensi tano. Mlango uko wapi? Pesa hulipwa wapi? Ni kitu gani kimewekwa pale unapolipa? Nani hupewa kiti kwanza, na nani huachwa amesimama?