Andika Siku Hiyohiyo

Meneja anakuita stoo, anakwambia: "Kesho usije mpaka nikupigie." Simu haiji. Wiki mbili baadaye unaambiwa wewe ni mtoro, umeacha kazi mwenyewe. Utathibitishaje?

Kanunue daftari dogo, likae nyumbani. Siku hiyohiyo, kabla hujalala, andika: "Jumanne, saa nane na robo mchana, stoo. Meneja kasema nisije kesho mpaka anipigie. Alikuwepo mlinzi wa zamu." Andika maneno yake kama alivyoyatamka. Hasira zako usizitie humo, zitakuharibia ushahidi.

Kisha mtumie ujumbe wa heshima: "Habari bosi. Nimepokea maelekezo yako ya leo kwamba nisije kesho mpaka unipigie. Kama sikuelewa vizuri, naomba unisahihishe." Huo si ukorofi, hata kidogo. Wengi wetu tunaona haya kumwandikia mkubwa, na haya hiyo imewaponza watu wengi wasio na kosa. Ujumbe utoke kwenye simu yako, maana ya ofisi utairudisha siku ya kuondoka.

Hapa Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri athibitishe kuwa alikuachisha kazi kwa haki. Lakini akidai hakukuachisha, daftari na ujumbe huo ndivyo vitakavyokusemea.

Na usikawie. Lalamiko la kuachishwa kazi hufikishwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, ndani ya siku 30.