Mizani, Redio na Simu: Mwanachama Anayejua Kusoma Ndiye Mkaguzi wa Kwanza

(Mazungumzo yaliyotolewa mbele ya makatibu na wanachama wa vyama vya msingi, Lufingo, Wilaya ya Rungwe)



 Nimeombwa nizungumze juu ya vyombo vya kisasa, elimu na maisha yetu ya kila siku. Mimi si fundi wa mitambo. Nitakayoyasema ni maoni ya mkulima aliyekua kati ya migomba na chai ya Rungwe, akawa mwanachama, kisha akakitumikia chama chake kwa kalamu na daftari kwa miaka mingi. Mtakayoyaona yana faida myachukue, na yaliyosalia myajadili.

Neno langu kubwa ni moja. Kila chombo kipya kinachoingia katika chama, kiwe mizani, redio, simu au kompyuta, humfaa mwanachama kwa kadiri anavyoweza kukisoma. Asiyeweza kukisoma hubaki mikononi mwa yule anayeweza, na usalama wake hutegemea wema wa huyo mtu peke yake.

MIZANI

Chombo cha kwanza cha kisasa nilichokiona utotoni kilikuwa mizani ya kuning'iniza, yenye uso wa duara kama saa, iliyofungwa kwenye boriti ya banda la kununulia majani mabichi ya chai. Wote mnajua tabia ya chai. Kahawa ikishakaushwa vizuri inaweza kungoja ghalani; jani la chai halingoji. Likishachumwa, majani mawili na chipukizi, halina budi kufika kiwandani siku hiyo hiyo, maana likikaa ndani ya gunia hupata joto na kuharibika. Kwa sababu hiyo mkulima wa chai hana nafasi ya kurudi nyumbani na mzigo wake akisema atauza kesho. Haki yake yote imo katika zile dakika mbili ambazo gunia linaning'inia.

Katika dakika hizo mbili kuna mambo manne ya kusoma: kama mshale ulikuwa kwenye sifuri kabla gunia halijapandishwa; mshale umesimama wapi; ni kiasi gani kimekatwa kwa ajili ya uzito wa gunia na maji ya mvua; na karani ameandika nini katika stakabadhi. Wazee wetu wengi wakati ule hawakuweza kusoma hata moja kati ya hayo. Walipokea kile kikaratasi, wakakikunja, wakakifunga katika pindo la nguo.

Nakumbuka mama mmoja, jirani yetu, aliyejiunga na darasa la watu wazima baada ya watoto wake wote kuzaliwa. Siku moja, kwenye foleni ya banda, alipewa stakabadhi yake, akaisogeza karibu na macho, akaisoma polepole kwa kutembeza kidole. Kisha akasema, “Mwanangu, rudisha gunia. Hapa umeandika 18, na mshale niliuona kwenye 19.” Watu wakanyamaza. Karani alilipandisha gunia tena, mshale ukasimama kwenye 19, akasahihisha. Sidai kwamba karani yule alikuwa mwizi. Huenda alikuwa amechoka. Lakini tangu siku ile watu wa foleni ile walianza kuangalia mshale, hata wale wasiojua tarakimu, na karani naye akaanza kutaja uzito kwa sauti.

Tupige hesabu kidogo. Tuseme mwanachama anapoteza kilo 1 tu kila anapopima, naye anapima mara moja kwa juma. Kwa mwaka ni kilo 52. Chama chenye wanachama 200 kitakuwa kimepoteza kilo 10,400, yaani zaidi ya tani 10 za majani mabichi, bila mtu yeyote kuvunja kufuli la ghala. Waliosema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari walikuwa wanaujua ukweli huu.

REDIO

Chombo cha pili ni redio. Mwaka 1970 ulitangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na kazi iliyofuata ilikuwa kubwa. Katika 1967 zaidi ya nusu ya watu wazima wa nchi hii hawakujua kusoma na kuandika; kufikia 1986, kwa takwimu za Serikali, waliobaki walikuwa kama mtu mmoja katika kila watu kumi. Vitabu vya kisomo chenye manufaa vilimfundisha mkulima herufi kwa kutumia mambo ya shamba lake mwenyewe, ili akijua kusoma awe pia amejua namna ya kutunza zao lake.

Katika 1973 ikaja kampeni ya Mtu ni Afya. Kwa majuma 12 watu wapatao milioni mbili nchini walikusanyika katika vikundi kusikiliza vipindi vya Radio Tanzania juu ya malaria, kuhara, kichocho na maradhi mengine. Nataka tuangalie jinsi kazi ile ilivyopangwa. Kila kikundi kilikuwa na kiongozi aliyepewa mafunzo, na kitabu cha kufuatisha. Watu walisikiliza, kisha wakazungumza wao kwa wao, kisha wakaamua jambo la kufanya, kisha wakalifanya: wakachimba vyoo, wakafyeka majani kuzunguka nyumba, wakafukia madimbwi.

Redio ile haikuchimba choo hata kimoja. Kilichochimba ni kikundi kilichosikia, kikajadili, kikakubaliana. Leo tunapeleka ujumbe mfupi kwa simu za wanachama 300 kwa wakati mmoja, kisha tunasema kwamba wanachama wameelimishwa. Mimi nasema wamepelekewa habari tu. Elimu huanza pale wanapokaa pamoja na mmoja wao akauliza, “Maana yake nini kwetu?”

USHIRIKA ULIOVUNJWA NA KURUDI

Vijana waliomo humu huenda hawajui kwamba katika 1976 vyama vikuu vya ushirika nchini vilivunjwa, na kazi ya kununua mazao ikapewa mamlaka za mazao zilizokuwa zikinunua moja kwa moja vijijini. Sheria ya 1982 ndiyo iliyourudisha ushirika, na mwaka huo huo likaundwa Shirika la Ukaguzi na Usimamizi wa Vyama vya Ushirika, yaani COASCO. Tangu hapo tumepita katika sheria ya 1991, ya 2003, na hii ya 2013 iliyounda Tume ya Maendeleo ya Ushirika.

Sikusudii kuhukumu maamuzi ya wakati ule. Nataka kutaja jambo moja tu. Chama kikivunjwa au kikiunganishwa na kingine, swali la kwanza la mwanachama ni hili: hisa zangu ziko wapi? Mwenye kadi yake, stakabadhi zake, na ufahamu wa yaliyoandikwa humo, anaweza kuuliza swali hilo na kusimama nalo mpaka lijibiwe. Asiyejua alikuwa na hisa ngapi hana hata pa kuanzia. Majengo, magari na nembo hubadilika. Mwanachama anayejua hesabu yake habadilishwi kwa urahisi.

SIMU

Sasa nije kwenye chombo cha leo. Huduma ya kutuma fedha kwa simu ilianza Tanzania katika 2008. Faida yake kwetu ni kubwa, na anayeibeza hajawahi kutembea na malipo ya kijiji kizima kwenye begi kutoka Tukuyu, gari likikwama kwenye utelezi na giza likiingia. Leo malipo ya chai, ya maziwa au ya parachichi humfikia mkulima akiwa shambani, na mjane anayeishi mbali na ofisi hupata haki yake siku ile ile na mwenyekiti. Kadhalika mizani mpya zinazochapa stakabadhi papo hapo zimepunguza ugomvi mwingi.

Lakini hatari yake nayo tuiseme wazi. Fedha zilizokuwa zikilindwa kwa sanduku la chuma na funguo za watu wawili, sasa zinalindwa kwa namba nne ambazo mwanachama anatakiwa kuzificha moyoni. Nawauliza makatibu: ni wanachama wangapi katika chama chako ambao namba yao ya siri inajulikana na mjukuu, na wakala wa dukani, au na wewe mwenyewe? Nimeona daftari la chama kimoja, ambacho sitakitaja, lenye safu ya majina na pembeni yake safu ya namba za siri, “ili kuwasaidia wazee.” Nia ilikuwa njema. Hata hivyo daftari lile ni sawa na funguo za nyumba zote za kijiji zilizotundikwa kwenye msumari mmoja. Zaidi ya hayo, siku fedha za mzee mmoja zitakapopotea, hata zikichukuliwa na mtu wa nyumbani mwake, katibu hatakuwa na namna ya kujitetea.

Wapo wasemao kwamba wazee hawawezi kujifunza mambo haya. Maneno hayo yalisemwa pia katika 1970, nao watu wa miaka 50 ambao hawajawahi kushika penseli wakajifunza kuandika majina yao na kuacha kutia dole gumba. Kusoma salio kwenye simu si kazi ngumu kuliko ile. Kinachohitajika ni mwalimu mwenye subira na nafasi ya kurudia somo bila kuchekwa.

Wapo pia wasemao kwamba karatasi zimepitwa na wakati. Mimi naomba tusifanye haraka. Mtandao hukatika, betri huisha, na mvua ya Rungwe haimwombi mtu ruhusa. Stakabadhi ya karatasi yenye jina, tarehe, uzito, makato na sahihi ibaki katika mkono wa mwanachama, na leja ibaki kabatini, mpaka wanachama wenyewe watakapothibitisha kwamba wanaweza kuhakiki hesabu zao bila hivyo.

KOMPYUTA

Tume imeleta Mfumo wa Usimamizi wa Vyama vya Ushirika, tunaouita MUVU, ambao kwa kompyuta huweka pamoja habari za wanachama, mapato na matumizi. Ni jambo jema, kwa kuwa mkaguzi na afisa ushirika wanaweza kuyaona mambo mapema. Tukumbuke tu kwamba kompyuta hujua kile ilichoambiwa. Gunia lililopimwa vibaya bandani litaandikwa vibaya katika mfumo, kwa herufi nzuri na kujumlishwa bila kosa. Aliyekuwapo bandani ni mwanachama. Kwa hiyo ukaguzi wa kwanza wa MUVU hauanzii Dodoma. Unaanzia kwa mama yule na kidole chake juu ya stakabadhi.

MAPENDEKEZO

Nina mapendekezo matatu, yasiyohitaji mfadhili.

La kwanza, kila banda na kila ghala liwe na desturi: sifuri ionyeshwe kabla ya kupima, uzito na makato vitajwe kwa sauti, na stakabadhi isomwe kabla mwanachama hajaondoka.

La pili, wanachama wajigawe katika vikundi vya watu kumi kumi, na kila kikundi kiwe na kijana mmoja wa kufundisha matumizi ya simu. Sharti lake liwe moja: asibonyeze yeye. Amwelekeze mzee, na mzee abonyeze kwa kidole chake mwenyewe. Kijana anayemfanyia mzee kazi hiyo kila juma humwacha pale pale alipokuwa.

La tatu, kila chama kiweke fungu la elimu ya wanachama katika makisio yake ya mwaka, lipitishwe na Mkutano Mkuu, na lisiwe fungu la kwanza kukatwa fedha zinapopungua. Wale wafumaji na wenzao, jumla yao watu 28, waliofungua duka lao la ushirika mjini Rochdale, Uingereza, katika 1844 walikuwa watu maskini, nao baadaye walitenga sehemu ya ziada yao kwa ajili ya maktaba na elimu. Sisi wenyewe tulikuwa na Chuo cha Ushirika Moshi tangu 1963, ambacho leo ni Chuo Kikuu. Chuo ni kizuri, lakini hakiwezi kuketi bandani mwetu kila siku ya kupima.

Namalizia kwa makatibu wenzangu. Najua uchovu wa kuulizwa swali moja na watu 40 siku ya malipo. Lakini katibu ambaye wanachama wake hawaulizi asidhani kwamba wameridhika. Huenda hawajui kilichoandikwa, na siku watakapoambiwa na mtu mwingine wataamini lolote. Katibu ambaye wanachama wake wanasoma, wanahesabu na kuuliza, ana mashahidi 200 wa uaminifu wake.

Kila anayetoka hapa na aende akamtafute mwanachama mmoja asiyeweza kusoma stakabadhi yake, amsomee mara ya kwanza, na mara ya pili asome mwenyewe.