Mtoto Mmoja, Wazazi Wawili na Fomu ya Kodi



Sisi wa reli kazi yetu ni ya kukaa mbali. Reli haikufika Meru wala Embu, iliishia Nanyuki. Bwana alala kambini, bibi yuko Runyenjes au Nkubu, na nyumba kadhaa zimevunjika hivyo. Watoto hubaki wa wote wawili. Basi Juni ikikaribia, wanachama hugombana na mama wa watoto wao: ni nani amwandike mtoto katika hesabu ya kodi?

Jibu ni kwamba hapana wa kumwandika. Sheria ya Kodi ya Mapato iliyoanza 1974 ilikuwa na punguzo la mtoto, lakini liliondolewa zamani. Leo kila mkaaji mwenye namba ya PIN hupunguziwa shilingi 2,400 kwa mwezi, basi. Mwenye watoto watano na asiye na hata mmoja ni sawasawa. Sisi twaona si haki, na tutalipeleka neno hili kwa viongozi. Lakini sheria ndiyo hiyo. Mtu akikuomba fedha ili akuandikie mtoto, usimpe hata senti.

Karo, chakula na nguo unazotuma pia hazipunguzi kodi, hata kama ni korti iliyoamuru. Sheria yahesabu hayo kuwa matumizi ya nyumbani. Wala usiache kutuma: Katiba ya 2010, kifungu cha 53, yawapa baba na mama wajibu sawa, wawe wameoana au hapana.

Mlango mmoja uko wazi, nao ni bima. Ukimkatia mtoto wako bima ya afya, au ya elimu ya miaka isiyopungua 10, kodi yako hupunguzwa kwa asilimia 15 ya ulicholipa, mwisho shilingi 60,000 kwa mwaka. Hupewa mwenye bima aliyelipa. Ukimpa mama fedha mkononi naye akalipia bima yake, punguzo ni lake, usimdai. Afadhali mpatane mapema kwa maandishi, huyu bima, huyu karo. Sheria ya Watoto ya 2022 yakubali mapatano ya namna hiyo.

Fomu kila mmoja hujaza yake, isipite tarehe 30 Juni, ingawa mwajiri amekwisha kukata kodi. Faini ni shilingi 2,000, au asilimia 5 ya kodi ikiwa ni zaidi. Asiyejua kompyuta alete P9 na cheti cha bima kwa katibu wa tawi, asingoje siku ya mwisho.