Poitier Aliposhika Kazi Mwenyewe

Leo tumzungumze Sidney Poitier, aliyefariki mwaka 2022, hasa ule upande wake ambao wengi hawaukumbuki.

Alizaliwa Miami mwaka 1927, akakulia visiwa vya Bahamas. Ujanani alikuwa New York akiosha vyombo. Alipokwenda kujaribiwa katika kundi la American Negro Theatre alikataliwa: lafudhi nzito, tena kusoma kwenyewe kwa kubabaika. Akanunua redio, akawaiga watangazaji mpaka ulimi ukanyooka. (Sisi wa redio, mtuwie radhi, habari hiyo hutupendeza mno.)

Mwaka 1959 aling'ara jukwaani Broadway. Mwaka 1964 akapewa Oscar ya mwigizaji bora, mwanamume Mweusi wa kwanza kuipata. Lakini mwigizaji, hata awe na jina namna gani, husimama anapoambiwa asimame. Weusi wenzake wakaanza kunung'unika: mbona kila siku ni yule bwana mwema asiye na kosa, wa kuwatuliza Wazungu?

Basi wakawa Mexico, yeye na Harry Belafonte, wakitengeneza Buck and the Preacher, kisa cha Weusi waliotoka utumwani wakihamia magharibi. Siku chache tu, wakaachana na mwongozaji wao. Poitier, ambaye hakuwahi kuongoza filamu hata moja, akashika kazi mwenyewe. Filamu ikatoka mwaka 1972.

Miaka minane baadaye aliongoza Stir Crazy, kichekesho cha Richard Pryor na Gene Wilder. Kiliingiza zaidi ya dola milioni 100. Yeye mwenyewe hakuigiza humo.