Habari za Wale Waliotaja Siku ya Mwisho



Nimeagizwa kusema habari ya mwisho wa dunia. Sitasema juu ya ile tunayoikiri katika Nasadiki, maana hiyo mmefundishwa tangu ukatekumeni. Nitasema habari za watu waliothubutu kuitaja tarehe yake. Hutokea mtu aliyeota ndoto, au aliyehesabu vitabu, akasema: mwaka fulani, mwezi fulani, yote yatakwisha. Wala hakosi watu wa kumfuata, nao mara nyingi si wapumbavu.

Palikuwa na mkulima wa Marekani, katika nchi ya New York, jina lake William Miller. Hakuwa mlaghai. Alisoma Maandiko kwa bidii miaka mingi, na katika kitabu cha Danieli, sura ya 8, akakuta habari ya siku 2,300. Akasema, siku moja ya unabii ni mwaka mmoja. Kisha akachagua mahali pa kuanzia, yaani mwaka wa 457 kabla ya Kristo, Ezra alipopewa ruhusa na mfalme wa Uajemi. Walimu wa hesabu, toeni wenyewe: 2,300 toa 457, itabaki 1843. Bassi akatangaza ya kuwa Bwana atarudi kati ya Machi 1843 na Machi 1844.

Muda ule ukapita. Ndipo wakakumbuka ya kuwa baina ya mwaka wa 1 kabla ya Kristo na mwaka wa 1 baada yake hakuna mwaka wa sifuri, hivyo hesabu yao ilipungukiwa mwaka mmoja. Mfuasi wake mmoja, Samuel Snow, akaitaja siku yenyewe: tarehe 22 Oktoba 1844.

Naomba walimu walitazame sana jambo hili, kwa sababu vijana wetu huvutwa na tarakimu kuliko ndoto. Katika kutoa kule hakuna kosa. Kosa lilitangulia. Ni nani aliyemwambia kwamba hapo siku ni mwaka? Ni nani aliyemwambia aanzie kwa Ezra? Mkinipa ruhusa ya kuchagua kipimo nipendacho na mwanzo niupendao, nitawaletea mwaka wo wote muutakao, hata ule kanisa la kigango chetu lilipoezekwa bati. Na Bwana wetu mwenyewe, kwa Injili ya Marko, sura ya 13, alikana kwamba Mwana anaijua siku hiyo. Mwenye kuijua leo amempita nani?

Siku ile ilipofika, watu maelfu walikuwa wakingoja. Wengine walikuwa wameacha viazi ardhini bila kuvichimba, wengine wamefunga maduka. Usiku ukapita, kukacha, wakalia machozi. Wamarekani huiita habari hii Masikitiko Makuu. Asubuhi yake majirani wakawacheka njiani na kuwauliza, je, hamjapanda bado? Miller akafa mwaka wa 1849. Wafuasi wake wengine waliiacha dini kabisa, wengine wakaanza kuhesabu upya. Tena, ili nisiwaonee watu, katika mabaki yao lilitokea Kanisa la Waadventista Wasabato, lililoundwa mwaka wa 1863, ambalo halitaji tarehe.

Hofu hii si ya wasomaji wa vitabu tu. Mwaka wa 1910, nyota ya mkia iitwayo Halley ilipokaribia, wataalamu walisema dunia itapita katika mkia wake, ambamo ilionekana hewa yenye sumu. Katika miji ya Ulaya na Marekani watu waliziba matundu ya funguo, na wajanja wakauza vidonge vya kuzuia sumu ya nyota. Haikumdhuru mtu. Ilirudi mwaka wa 1986, nayo yatazamiwa tena mwaka wa 2061. Hayo yacheke mkitaka.

Ya Kanungu hayachekwi. Kanungu ni katika Uganda, kusini-magharibi, na wengi wa watu wale walikuwa wa Kanisa letu, wakishika rozari kama sisi. Viongozi wao walikuwa Credonia Mwerinde, Joseph Kibwetere, na pamoja nao mtu aliyekuwa padre, mwenye elimu kubwa. Walifundisha kwamba dunia itakwisha pamoja na mwaka wa 1999. Watu wakauza mashamba na mifugo, wakaleta fedha. Mwaka wa 2000 ukaingia, jua likachomoza kama desturi. Viongozi wakasogeza siku. Ijumaa tarehe 17 Machi 2000 nyumba yao ya sala iliteketea kwa moto, milango na madirisha yamezibwa, na watu wamo ndani, wazee na watoto. Baadaye maiti nyingine zikafukuliwa katika makao yao mengine. Waliokufa kwa jumla walikuwa mamia.

Mtu atauliza: siku ya kwanza ilipopita bure, kwa nini hawakurudi kwao? Nami najibu: wangerudi wapi? Shamba limeuzwa. Ndugu walioonya wamekwisha kutukanwa. Padre ameitwa mpotevu. Mlangoni wangojea wacheka. Naona aibu hii iliwafunga wengi kuliko mahubiri yenyewe.

Mama mmoja mjane wa kigango chetu alinijia baada ya misa. Alikuwa amesikia ya kwamba miezi imebaki michache. Hakuniuliza habari za Danieli. Aliniuliza, "Mwalimu, nipande muhogo mwaka huu, au nile mbegu?" Nikamwambia, "Mama, panda." Akaniuliza tena, "Na Bwana akija kabla haujakomaa?" Nikamwambia, "Atakukuta shambani. Mtume Paulo aliwakemea Wathesalonike walioacha kazi." Akaenda akapanda. Nimewaambieni haya kusudi mjue swali huwa la namna gani likija kwetu: ni la chakula, na la karo ya mtoto.

Wala tusiseme hayo ni ya zamani. Mwaka wa 2023, katika msitu wa Shakahola, nchi ya Kilifi huko Kenya, zilifukuliwa maiti zaidi ya 400 za watu walioambiwa wafunge kula hata kufa ili wamwone Yesu. Kwa hiyo, mwalimu, ukisikia mhubiri anawakataza watu kusema na jamaa zao, au anawatoa watoto shuleni, au anadai hati za mashamba, usingoje kumshinda kwa Maandiko kwanza. Nenda kwa Padre siku ile ile, na kwa mwenyekiti wa kijiji.

Na yule atakayerudi, tarehe ikiisha kupita, asiulizwe neno mbele ya watu, wala asiimbiwe na watoto. Nimeomba kila kigango kiweke akiba ya mbegu za msimu mmoja kwa ajili ya nyumba za namna hiyo, na walimu wakubali kuwapokea watoto wao katikati ya mwaka bila maneno. Baba Paroko ameridhia shauri hili lisomwe katika halmashauri leo baada ya chakula.