Haki ya Njia na Bidhaa za Nje ya Duka

(Mawaidha kwa vijana baada ya swala ya alasiri, mwezi wa Ramadhan)



Baba zetu, mama zetu, na nyinyi vijana wenzangu. Najua saa hizi kila mtu afikiria futari, kwa hivyo sitawaweka sana. Nataka tuzungumze juu ya bidhaa tunazozipanga nje ya maduka, kwenye njia ya miguu. Na naanza na duka letu, nisije nikaonekana nawasema watu.

Tangu niko darasa la nne, kazi yangu ya Ramadhan ni kutoa vitu nje: katoni za tende, meza ya kofia, sanamu mbili za kuvalishwa mabaibui. Likifika kumi la mwisho twazidi kusongea mbele. Jirani akitoa meza moja, sisi mbili. Mwaka jana akapita maalim wangu wa madrasa, ambaye haoni. Njia ile aijua kwa fimbo, na ukuta wa maduka ndio dira yake. Siku ile hakuupata ukuta, alipata katoni. Akazunguka, akashuka barabarani, tuktuk ikampigia honi. Alhamdulillahi hakuumia. Akauliza tu, "Hapa nani amejenga?" Nikanyamaza. Sikuthubutu kumwambia ni mimi.

Nilipomweleza baba, akanionyesha leseni ukutani. "Twalipa kila mwaka." Jamani, hapa ndipo wengi twakosea. Leseni ile ni ya kufanya biashara ndani ya duka. Katiba ya 2010, Jedwali la Nne, imezipa kaunti kazi ya leseni za biashara, lakini Kifungu cha 62 kinazihesabu barabara na njia zilizowekwa kisheria kuwa ardhi ya umma. Anayetaka kuweka meza nje aulizie kibali chake mbali. Na zile hamsini anazopewa mtu jioni bila risiti? Kifungu cha 210 chasema ushuru au ada ya leseni haitozwi ila kwa sheria. Hiyo si leseni, ni kumlipa mtu afumbe macho.

Tuje kwenye dini. Maswahaba walipokatazwa kukaa njiani walimwambia Mtume (S.A.W.) kwamba hawana budi, ndiko wanakozungumzia. Hakuwafukuza. Aliwaambia basi waipe njia haki yake, na katika haki hizo akataja kuzuia maudhi. Imam al-Mawardi, wa madhehebu yetu ya Shafi, aliyefariki 1058, alilifafanua katika Al-Ahkam as-Sultaniyya. Mizigo iliyowekwa njiani kwa muda yaruhusiwa ikiwa haiwadhuru wapitao. Ikidhuru, msimamizi wa soko aizuie. Na wanaokaa njiani kuuza, mtawala hawatozi ijara ya kule kukaa. Hili nilipomsomea baba alicheka: "Basi tusilipe!" (Wafanyabiashara!) Ada ya kufagia na kuzoa taka ni jambo jengine. Kinachopimwa hapa ni madhara. Ulipe usilipe, maalim akishuka barabarani haki yake imeliwa.

Siwaungi mkono wanaotaka vitu vyote viondolewe. Kuna nyumba zinazokula kwa meza moja ya nje. Baadaye nilipomwendea maalim kumtaka radhi, aliniambia neno ambalo sikulitarajia: meza ikiwa pale pale kila siku ataizoea, linalomshinda ni kila siku kuukuta ukuta mpya. Basi kibali na kiseme mahali na kipimo. Mstari wa rangi chini, bidhaa upande wa duka, watu upande wa pili, na nafasi ibaki ya mama mwenye mtoto mkononi kupishana na mwenye kiti cha magurudumu. Na kwenye vichochoro vya mji wa kale, ambako watu wawili hupishana kwa ubavu, kisitolewe kabisa, hata mtu akija na mfuko wa pesa.

Mwaka huu nimechora mstari wa chaki mbele ya duka letu, mita moja na nusu kutoka ukingo wa barabara. Jirani asema mvua moja tu itaufuta. Baba amezirudisha sanamu ndani. Katoni za tende bado twazizozania, na kumi la mwisho ndilo hilo laingia.