MAHARAMIA WA BAHARINI NA SHEHENA YA WANAUSHIRIKA

(Mazungumzo yaliyosomwa mbele ya makatibu na wajumbe wa vyama vya msingi)



Katika vyama vingi vya msingi, kitabu cha ghala hufungwa siku ile gari la mizigo linapoondoka. Magunia yamehesabiwa, dereva ametia sahihi, katibu ameweka nakala yake, na kwa mtazamo wa wengi safari ya kahawa imekwisha. Kumbe ndiyo kwanza imeanza. Kahawa iendayo Ulaya kwa njia ya Suez, na korosho iendayo India, hupita katika bahari ambayo kati ya mwaka 2005 na 2012 ilikuwa miongoni mwa bahari za hatari kabisa duniani kwa meli za biashara. Mnunuzi anapotaja bei mnadani huwa amekwisha kutoa nauli ya meli na bima. Gharama hizo zikipanda, hakuna anayemwandikia mkulima barua ya kumweleza. Bei hushuka tu.

Serikali kuu ya Somalia ilianguka mwaka 1991, na pwani ndefu ikabaki bila mlinzi. Meli za kigeni zikaingia kuvua bila kibali, wavuvi wa huko wakalalamika, na malalamiko yao yalikuwa na msingi. Lakini mvuvi anayelinda nyavu zake hasafiri maili 450 za bahari kwenda kuteka meli ya mafuta. Huko ndiko ilikotekwa Sirius Star ya Saudi Arabia mwezi Novemba 2008, kusini mashariki ya Mombasa, ikiwa na mapipa yapatayo milioni mbili. Miezi miwili kabla yake ilitekwa Faina, iliyokuwa ikija Mombasa na vifaru 33. Ikaachiliwa Februari 2009 baada ya kulipiwa dola za Marekani milioni 3.2. Na kabla ya hizo zote, mwezi Juni 2005, Semlow iliyotoka Mombasa na tani 850 za mchele wa msaada kwa Wasomali waliopatwa na gharika ya tsunami ilizuiliwa kwa zaidi ya miezi mitatu. Wenye njaa walikuwa Wasomali wenyewe. Benki ya Dunia ilikadiria mwaka 2013 kwamba meli 179 zilitekwa tangu 2005 hadi 2012, na kwamba fedha zilizolipwa kuzikomboa zilikuwa kati ya dola milioni 339 na 413. Sehemu kubwa ya fedha hizo haikuwafikia vijana waliopanda ngazi. Ilichukuliwa na matajiri wa nchi kavu waliotoa mtaji wa mashua, mafuta na bunduki. Huo nao ulikuwa ushirika wa namna yake, wenye hisa na mgawo, ila wanachama wake wadogo ndio waliozama au kufungwa.

Ili ulinzi ueleweke, yafaa kwanza namna ya shambulio ifahamike. Maharamia huteka jahazi au meli ya uvuvi na kuifanya mama wa mashua, wakaenda nayo mbali sana na pwani. Wakiona meli ya shehena, huteremsha mashua mbili au tatu ziendazo kasi, mara nyingi alfajiri, wakakaribia kutoka nyuma, wakatundika ngazi ya ndoana ubavuni. Tangu mashua kuonekana hadi haramia wa kwanza kukanyaga sitaha huweza kupita muda usiozidi nusu saa. Hawataki kuizamisha meli wala kuiba kilichomo. Wanataka kuipeleka karibu na pwani na kungoja simu.

Kwa hiyo ulinzi wote una shabaha moja: kumchelewesha haramia asipande, au akipanda asiweze kuiendesha meli, mpaka manowari ifike. Mwezi Februari 2009 iliwekwa njia maalumu katika Ghuba ya Aden, yenye barabara mbili za baharini, kila moja na upana wa maili tano za bahari, na nafasi ya maili mbili katikati, ili ziendazo mashariki zisikutane na ziendazo magharibi. Meli zilipangwa kwa makundi kufuatana na kasi yake, zikapita sehemu za hatari kubwa wakati wa usiku, manowari zikiwa karibu. Umoja wa Ulaya ulianza doria yake, iitwayo Atalanta, Desemba 2008. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kuzilinda meli za chakula cha msaada. Uchina na India zilileta manowari zao wenyewe. Hata hivyo bahari ni pana mno. Eneo la hatari lilipopanuliwa lilifika latitudo ya 10 kusini na longitudo ya 78 mashariki. Mombasa, Tanga, Zanzibar na Dar es Salaam zote zikawa ndani ya mstari, Mtwara ikabaki nje kwa maili chache tu. Lakini meli iliyobeba korosho kutoka Mtwara kwenda India ilikuwa ndani ya eneo hilo kabla ya siku yake ya kwanza kwisha.

Hapo ndipo mabaharia walipolazimika kujilinda wenyewe. Vyama vya wenye meli vilitoa kitabu cha maelekezo, na toleo lake la nne la mwaka 2011 lilieleza jambo ambalo kila nahodha alilishika: hakuna meli iliyopata kupandwa ikienda kasi ya zaidi ya maili 18 za bahari kwa saa. Tabu ni kwamba meli nyingi zinazobeba mbolea na ngano huenda maili 12 hadi 14 kwa saa, na zikijaa huzama chini hata sitaha ikawa si mbali na maji. Maelekezo yalisema meli ambayo ubavu wake haufiki mita nane juu ya maji imo hatarini zaidi. Meli hizo za mwendo wa kobe zilizungushiwa senyenge za wembe kando zote, mipira ya maji ya kuzimia moto ikafungwa ikimwaga maji nje ubavuni, milango ikakazwa kwa vyuma, walinzi wa zamu wakaongezwa wenye darubini, na nahodha akafundishwa kuipindapinda meli kushoto na kulia ili mawimbi yake yenyewe yaisukume mashua mbali.

Kinga ya mwisho ni chumba cha kujifungia, chini karibu na mitambo, chenye chakula, maji na simu ya redio isiyotegemea umeme wa juu. Septemba 2010 mabaharia wa Magellan Star walizima mitambo wakajifungia humo. Maharamia walibaki na meli wasiyoweza kuiendesha wala mateka wa kutishia, na askari wa Marekani wakaikomboa bila risasi kufyatuliwa. Januari 2011 mabaharia wa Beluga Nomination walifanya vivyo hivyo kaskazini ya Visiwa vya Shelisheli, lakini manowari haikufika kwa wakati. Baada ya siku mbili hivi maharamia walikata chuma wakawatoa, na baadhi yao hawakurudi makwao. Tofauti haikuwa ushujaa. Ilikuwa umbali wa manowari na unene wa mlango.

Tangu mwaka 2011 walinzi wenye silaha walikubaliwa na nchi nyingi, na katika miaka hiyo hakuna meli yenye walinzi wa namna hiyo iliyotekwa na maharamia wa Kisomali. Ni dawa yenye nguvu, nayo ina sumu yake. Tarehe 15 Februari 2012, karibu na pwani ya Kerala, askari wa Italia waliokuwa juu ya Enrica Lexie waliwapiga risasi wavuvi wawili wa Kihindi wakidhani ni maharamia. Shauri lake lilichukua miaka minane. Mvuvi wa Kilwa au Lamu anayekimbilia ubavuni mwa meli kubwa ili kuokoa nyavu zake hana budi kulijua jambo hilo. Sheria nayo ilifanya kazi: mahakama za Mombasa zilianza kuwafunga maharamia mwaka 2006, na Mkataba wa Djibouti wa Januari 2009 ukaweka vituo vya kupashana habari Sana'a, Mombasa na Dar es Salaam.

Mashambulio yaliyohesabiwa kuwa ya maharamia wa Kisomali yalikuwa 237 mwaka 2011. Mwaka 2013 yalikuwa 15. Tarehe 1 Januari 2023 vyama vya wenye meli viliufuta mstari wa eneo la hatari. Kabla ya mwaka huo kwisha, Desemba, ikatekwa Ruen. Machi 2024 ikatekwa Abdullah ya Bangladesh, iliyobeba makaa ya mawe kutoka Maputo, na mabaharia wake 23 wakazuiliwa mwezi mzima. Novemba 2025 Hellas Aphrodite, yenye petroli kutoka India kwenda Durban, ilipandwa. Mabaharia 24 wakajifungia chumbani hadi manowari ya Hispania ilipofika siku iliyofuata.

Sasa habari ya bima, ambayo ndiyo hasa inawahusu makatibu. Kuna desturi ya zamani sana ya bahari: mali ya mmoja ikitolewa ili kuiokoa meli na vyote vilivyomo, wote huchangia kwa kadiri ya thamani ya kila mmoja. Fedha za kuikomboa meli kwa maharamia huhesabiwa hivyo. Tuseme meli ina thamani ya dola milioni 20, shehena yote dola milioni 10, na imekombolewa kwa dola milioni tatu. Kila mwenye mali atachangia sehemu moja ya kumi. Chama chenye kontena la kahawa la dola 60,000, ambalo bado ni mali yake, kitadaiwa dola 6,000, na kontena halitatolewa mpaka dhamana iwekwe. Kama kuna bima inayofaa, kampuni ya bima hulipa. Kama hakuna, hulipa wanachama.

Bima za shehena zitumiazo vifungu vya London zina mafungu matatu. Katika fungu A, hatari ya maharamia imo. Katika B na C, ambayo ni rahisi na ambayo wakala hupenda kuyauza, haikutajwa. Tena fungu A lenyewe halilipi hasara ya kuchelewa. Mafuta ya dizeli ya mimea yaliyokuwa katika Bunga Melati Dua, iliyotekwa Agosti 2008, yalikombolewa salama lakini yakafika msimu wa soko umepita, yakauzwa kwa bei ya chini sana. Mwenye mali alidai alipwe kana kwamba yalipotea yote. Mahakama ya Rufaa ya Uingereza ikamkatalia Januari 2011.

Kahawa huweza kungoja. Mbolea ya kupandia haingoji: ikizuiliwa miezi miwili hufika mahindi yakiwa magotini, na hakuna kampuni itakayolipa gunia hata moja la mavuno yaliyopungua. Basi chama kinachoagiza mbolea kwa meli hakina budi kuagiza mapema kuliko desturi, na kabla ya kutia sahihi katibu aulize mambo mawili: fungu la bima ni lipi, na nani atalipa nauli ikiongezwa kwa sababu ya hatari njiani. Majibu yaandikwe, na nakala ya hati ya bima ikae katika kabati la chama, si kwa wakala.